Ile Hela Itume kwa Namba Hii

Ujumbe wenyewe ni mfupi, mara nyingi una makosa ya tahajia, na karibu kila mwenye simu mkoani Tabora amewahi kuupokea: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani, ile nyingine ina matatizo. Hakuna salamu wala wa kujitambulisha. Hela ipi, haisemwi. Wengi huucheka na kuufuta, na vijana wa stendi hawaoni tabu kuujibu kwa matusi. Ila yupo mmoja ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwahidi mwenye nyumba wake kodi ya miezi mitatu.

Huyo haoni kama anatapeliwa. Anaona amekumbushwa deni.

Ndiyo maana wanaodhani kwamba utapeli wa simu ni mtihani wa akili huishia kupigwa siku moja nao. Mtuma ujumbe hakuwa anatafuta mjinga. Alituma maneno yaleyale kwa namba nyingi kadiri alivyoweza, akijua kwamba katika watu mia kadhaa hakosekani anayedaiwa. Mwanzoni mwa mwezi kuna wanaodaiwa kodi. Januari kuna ada. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa na malipo yakaanza kuingia, Urambo, Kaliua na Sikonge hujaa watu wanaodaiana: kibarua anadai, mwenye lori anadai, shemeji aliyekopesha magunia mawili ya mahindi wakati wa masika naye anadai. Katika msimu kama huo ujumbe usiotaja hela ipi hauhitaji kuitaja.

Na maneno yale matatu, jina litakuja fulani, yana ujanja kuliko yanavyoonekana. Kampuni za simu huonyesha jina la mpokeaji kabla mtumaji hajaweka namba ya siri, na lengo lake ni jema: mtu aone anamtumia nani, akikuta si mwenyewe aache. Tapeli ameiwahi kinga hiyo. Ametaja jina mapema, hivyo linapotokea kwenye kioo halimshtui mtumaji, bali linamthibitishia. Anasema moyoni, ndilo lenyewe, kisha anabonyeza. Jina ambalo lilipaswa kumzuia ndilo linalompitisha.

Katika nchi tajiri utapeli wa namna hii huandama zaidi kadi za mkopo. Mpigaji hujifanya ofisa wa benki, akaomba namba za mbele ya kadi, tarehe ya mwisho wa matumizi na zile tarakimu tatu za nyuma, akamaliza kwa kuomba namba ya uthibitisho iliyoingia kwa ujumbe dakika hiyo. Tabora wenye kadi za mkopo ni wachache. Kadi ya watu wengi ni laini ya simu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na nyingine zikafuata, ikiwemo Tigo Pesa ambayo tangu mwishoni mwa 2024 inajulikana kwa jina la Mixx by Yas. Leo mrina asali wa Sikonge hulipwa kwa simu kama anavyolipwa mwalimu wa mjini. Hela ilikohamia, tapeli naye amehamia, na mwenye kadi ya benki mfukoni anapaswa kujilinda dhidi ya mtu yuleyule mwenye sauti ileile.

Wala sanaa hii haikuletwa na simu. Barabara ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, penye Tabora ya leo, na kushuka Ujiji, iliendeshwa kwa mkopo. Matajiri wa Zanzibar, mmoja wao akiwa Taria Topan, walitoa nguo, shanga na bunduki kwa wafanyabiashara ambao wangerudi na pembe za ndovu baada ya miaka. Aliyekopeshwa alikopeshwa kwa sababu anajulikana: baba yake nani, mjomba wake nani, ameoa wapi. Na kwa kuwa ukoo ulikuwa dhamana, ukoo ndio ulioghushiwa.

Kisa kinachojulikana zaidi kimesimuliwa na mhusika mwenyewe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa misafara ambaye dunia inamwita Tippu Tip, alikuwa karibu mwenyeji wa Tabora. Baba yake aliishi hapo na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, Tippu Tip anaeleza jinsi alivyoipata nchi ya Utetela, katika Kongo ya leo. Kabla ya kufika alisikia habari za mtemi mzee wa huko, Kasongo Rushie, ambaye zamani ndugu zake wa kike walitekwa vitani na kupelekwa nchi ya Urua. Aliyashika majina, akaishika na hadithi. Alipofika alijitambulisha kwamba yeye ni mjukuu wa mmoja wa wanawake hao: babu yake alimpata mwanamke huyo Urua, akamzalisha binti, na binti huyo ndiye mama yake Tippu Tip. Mzee alikuwa amewalilia ndugu zake miaka mingi. Alimpokea mgeni kama damu yake, akamwachia utawala, na pembe zikafuata.

Hakuna risasi iliyohitajika kwa hilo. Palikuwa na majina mawili ya kweli, jambo moja la uongo lililoshonwa katikati, na mzee mwenye kidonda alichokuwa anatamani kipone. Tippu Tip alifariki Zanzibar mwaka 1905 bila kuwahi kushika simu ya mkononi, lakini anayempigia mzazi saa nne asubuhi na kusema, "Baba Neema, mimi ni mwalimu wa zamu, mtoto ameanguka, tuko hospitali, daktari anataka hela ya kipimo sasa hivi," anafuata mpangilio uleule. Jina la mtoto ni la kweli. Shule ni ya kweli. Lililobaki ni la kwake.

Swali ambalo waliolizwa hujiuliza usiku ni hili: alijuaje? Mara nyingi hakuhitaji mtambo wowote. Kadi ya mchango wa harusi huchapwa majina ya wanakamati na namba zao, ikasambazwa kwa watu mia mbili. Kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la tano lina namba za wote, na kila mmoja ameweka picha ya mwanawe. Tangazo la msiba hutaja watoto, wakwe na mji anakoishi kila mmoja. Daftari la wakala hukaa juu ya kimeza, majina na namba vikiwa wazi kwa yeyote anayesubiri zamu yake. Simu iliyoibiwa bila kufungwa kwa namba ya siri humpa mwizi jina la "Mama", la "Bosi" na la "Kaka Mwanza".

Programu za mikopo ya haraka nazo zimo. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa simu bila leseni. Wengi waliokopa humo walijua ubaya wake pale marejesho yalipochelewa na jumbe za kuwaaibisha zikaanza kuingia kwa ndugu na mabosi wao. Mkopaji alikuwa ameruhusu programu isome majina yote ya simuni siku ya kwanza, kwa kubonyeza neno moja bila kulisoma. Kabla ya kuingia programu ya mkopo, ni busara mtu aangalie kwanza kama mwenye nayo yumo katika orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu. Programu inayokopesha elfu ishirini huku ikitaka kusoma majina ya ndugu wote wa mkopaji ni ghali hata kama riba yake ni ndogo, na riba yenyewe si ndogo.

Matapeli hawa si mizimu. Takwimu ambazo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, huzitoa kila robo mwaka zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa laini zinazohusishwa na majaribio ya utapeli, na polisi wamewahi kukamata vijana wakiwa na rundo la laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Kenya nako ni vilevile. Mji mdogo wa Mulot, mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, umepata jina baya kwa vijana wanaohamisha laini za watu, na kwa miaka mingi simu za kitapeli zimekuwa zikifuatiliwa hadi ndani ya kuta za gereza la Kamiti jijini Nairobi. Ni kazi, ina mafundi na wanafunzi wake, na kama kazi nyingine ina maneno ya kukariri. Mwenye kuyajua maneno hayo huyatambua hata yakija na sauti ya upole.

Yanayosikika sana ni ya mhudumu wa uongo. "Ndugu mteja, kuna mtu amekutumia hela kimakosa na sasa laini yako imefungiwa. Usikate simu. Fuata maelekezo tukufungulie." Kisha anamsomea mteja namba, pole pole, kama mtu mwenye nia njema: nyota, mia na hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Chagua moja. Weka namba hii ya ofisi. Sasa andika kodi ya uthibitisho, moja nane tano sifuri sifuri sifuri. Halafu namba yako ya siri, usinitajie mimi, iweke mwenyewe. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayowaondolea watu shaka, kwa kuwa tapeli hata hakuomba namba ya siri. Hakuihitaji. Kodi ya uthibitisho ilikuwa ni shilingi 185,000, namba ya ofisi ilikuwa ya kwake, na mteja ameidhinisha muamala kwa kidole chake mwenyewe.

Dawa ya huyu ni nyepesi, ila inataka iamuliwe kabla simu haijaita: hakuna menyu ya hela inayofunguliwa kwa maelekezo ya mpigaji. Awe ofisa, awe shemeji. TCRA na kampuni za simu wameweka namba moja ya huduma kwa wateja kwa mitandao yote, namba 100, na mamlaka imesisitiza kwamba mtoa huduma halisi humpigia mteja kwa namba hiyo pekee. Anayejiita huduma kwa wateja huku akipiga kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi ameshajitaja ni nani. Mteja akate, apige 100 mwenyewe, aulize kama laini yake ina shida. Mara nyingi haina.

Kukata simu kunawashinda wengi, na hapa malezi yetu yana mchango. Mtu wa Tabora aliyelelewa vizuri hamkatizi mgeni katikati ya maneno, na akiitwa mama au mzee kwa heshima huona haya kuondoka. Tapeli analijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo sababu husisitiza usikate simu: anajua kwamba mtu akipata dakika mbili za kimya atampigia mumewe, au mwalimu mkuu, au jirani, na hadithi nzima itayeyuka. Mwenye aibu ya kukata na aseme tu, "Nitakupigia," kisha akate. Ampigie mwalimu kwa namba aliyoihifadhi yeye mwenyewe tangu mwanzo wa muhula, si ile iliyopiga. Kama kweli mtoto yuko hospitali, dakika mbili hizo hazitamzuia daktari.

Ujumbe wa hela iliyotumwa kimakosa unahitaji utulivu wa aina yake. Simu inalia, kuna ujumbe unaosema umepokea 150,000, kisha mtu anapiga akilia kwamba amekosea namba na mke wake yuko leba. Kwanza, ujumbe umetoka wapi? Wa kampuni huja kwa jina la huduma yenyewe na hukaa pamoja na jumbe za miamala iliyopita. Wa tapeli huja kwa namba ya mtu, hata kama maneno yamenakiliwa neno kwa neno. Pili, na hili ndilo la kutegemea, salio liangaliwe kwenye menyu, siyo kwenye ujumbe. Lisipoongezeka hakuna cha kurudisha. Likiwa limeongezeka kweli, bado hela isirudishwe kwa mkono. Mwenye kukosea aambiwe awasiliane na kampuni yake irudishe muamala, na aliyepokea asiiguse hela hiyo hadi hapo. Akijifanya mwema na kutuma mwenyewe, huku mwenzake ameshaomba muamala urudishwe, anaweza kujikuta ametoa mara mbili.

Kuna mbinu nyingine isiyogusa hela moja kwa moja na kwa hiyo haishtui. Mtu anaambiwa apige namba inayoanza na nyota mbili na 21, ikifuatiwa na namba ya simu na reli, eti apate bando au aondoe mtandao hafifu. Akipiga, simu zote zinazokuja kwake zinaelekezwa kwenye namba hiyo, pamoja na ile simu ya WhatsApp inayosoma namba sita za uthibitisho. Baada ya saa moja ndugu zake wote wanaombwa hela na yeye. Kupiga *#21# huonyesha kama simu zinaelekezwa kwingine, na ##002# hufuta maelekezo yote. Hufanya kazi hata kwenye kitochi. Kwa wenye simu janja, WhatsApp ina uthibitisho wa hatua mbili, namba ya siri ya ziada ambayo huwekwa mara moja kwenye mipangilio. Ni jambo la kufanya leo, si la kusubiri.

Upande wa usajili unasahaulika. Tangu tarehe 20 Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA haikubaliki, na wengi waliamini kwamba tapeli amepoteza maficho. Alichofanya ni kuhamia kwenye vidole vya watu wengine. Mtu anakwenda kusajili laini kwa kijana mwenye mwavuli sokoni, anaweka dole gumba, anaambiwa halijasoma, aweke tena, na tena. Kumbe lilisoma yote, na laini ya pili iko mfukoni mwa mtu asiyemjua, ikiwa na jina lake. Siku polisi wakifuatilia hela iliyoibwa, jina litakalotokea ni la mama anayeuza karanga. Kupiga *106# humwezesha mtu kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na asizozitambua aziripoti zifungwe. Ni vyema likafanyika kila baada ya miezi michache, hasa na waliowahi kusajili laini barabarani.

Na kama imeshatokea? Hapo wakati ndio kila kitu, kwa sababu tapeli hutoa hela au kuisogeza mbele mara inapoingia. Aliyepigwa asianze kubishana naye kwa simu. Apige 100 papo hapo, ataje namba ya muamala, aombe hela izuiwe. Kama bado imo kwenye akaunti ya mpokeaji kampuni inaweza kuishikilia. Kama zilizotajwa ni namba za kadi, benki ndiyo ipigiwe kwanza, kadi ifungwe. Kama mtandao wa laini umepotea ghafla bila sababu, asichukulie kuwa ni mnara: huenda laini imehamishiwa kwenye kadi nyingine, na anapaswa kwenda duka la kampuni na kitambulisho siku hiyohiyo. Ujumbe wa muamala usifutwe, hata kama unaumiza kuutazama. Polisi watauhitaji, na bila RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi, kampuni nyingi hazitaenda mbali katika uchunguzi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, lakini inaanza kufanya kazi pale mtu anapoandikisha malalamiko.

Hata ambaye hakuibiwa ana la kufanya. Ujumbe wa kitapeli hutumwa bure kwenda 15040, kisha huduma humuuliza namba iliyoutuma, na namba hiyo huweza kufungiwa. Inachukua muda mfupi kuliko kutunga tusi la kumjibu.

Tahadhari moja kwa waliokwisha kulizwa: wiki chache baadaye huja mtu anayejua kila kitu kuhusu wizi huo na anayeahidi kurudisha hela kwa ada kidogo. Anajitangaza kuwa mtaalamu wa mitandao, au mganga, au ofisa wa polisi wa kitengo fulani. Anajua kwa sababu ni yuleyule, au ameuziwa namba na yuleyule.

Wanaobaki ni wazee, na hapa mijadala ya familia mara nyingi huenda kombo. Kijana wa mjini humfokea mama yake wa Sikonge kwa kupigwa 60,000, na matokeo yake ni kwamba safari ijayo mama hatasema. Inafaa zaidi watoto wakubaliane naye neno au swali ambalo mwanafamilia pekee anaweza kulijibu, jambo lisiloandikwa kwenye kundi lolote la WhatsApp, na kila anayeomba hela kwa dharura aulizwe. Namba za watoto wawili, ya mwalimu na 100 ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa nyuma ya mlango, kwa kuwa kitochi hupotea. Na mtoto atakapokuja likizo, aende naye kwa wakala wa jirani, wajuane. Wazee wengi hawana salio la kutosha simuni. Tapeli huwaamuru wakaweke hela kwanza, nao hufika kibandani na simu ikiwa bado sikioni, wakitetemeka. Wakala aliyekwisha kuombwa na familia atajua la kufanya: ataiweka hela ya mama kando, amwombe aikate simu hiyo, na ampigie mwanawe kabla ya kugusa kitu.